Nyati wa Aling Bising

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kunyolea cha Mang Teroy, ambaye sisi mji mzima wa Batangas tunamwita Wembe. Kitabu cha Ligaya, binti wa Aling Bising, kilipopata tuzo huko ng'ambo, nakala moja tu ilitufikia. Wembe akaikata vipande vitatu: cha kwanza chake, cha kati changu mimi mwalimu mstaafu, cha mwisho cha Kaloy Gavana, aliyeshindwa uchaguzi mara tano. Mama mtu macho yamekwisha, naye alituomba jambo moja: tumweleze binti amemwandika vipi, kabla Ligaya hajashuka kwenye basi la saa kumi leo. Hawajasemezana tangu Ligaya akatae unesi.

— Kukikata ilikuwa ujinga, nikasema.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Mwalimu! Wembe akamimina kahawa. Sasa sikilizeni. Katika kipande changu mama ni mkali kama pilipili. Anachoma madaftari ya mtoto kwenye moto wa kukaangia kahawa.

— Kwangu mama hayupo kabisa, nikasema. Kuna miwa, Wahispania, na nyati wa kulimia aliyepewa jina la jenerali wa Kimarekani.

— Huyo nyati anafanya nini?

— Analima. Anapigwa. Hasemi kitu.

Wembe akaruka.

— Ndiye mama!

— Acha wazimu, bwana.

— Nani mwingine mtaa huu analima, anapigwa na maisha, na hasemi? Mwandishi mkubwa hasemi mambo wazi. Anayaficha ndani ya mnyama!

— Haya, wewe ndiye utakayemwambia Aling Bising kwamba ni nyati?

Gavana, aliyekuwa akijipepea na kipande chake tangu asubuhi, akakohoa kama yuko jukwaani.

— Ndugu zangu, mama ni nchi! Mhispania kampanda, Mmarekani kampanda, Mjapani kajaribu, kaanguka. Mwisho anaingia ikulu juu ya nyati.

— Ikulu?

— Mpaka sebuleni! Mawaziri wanaruka kupitia madirisha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wote waliinama!

— Na mtoto je?

— Anateuliwa waziri wa unesi.

Tulicheka hadi Wembe akamwaga kahawa yote iliyobaki. Tulipoinua vichwa, Aling Bising alikuwa amesimama mbele yetu na fimbo yake, kavaa gauni la kanisani.

— Nimesikia, akasema. Unyati sina neno nao. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mwishoni, wanaongea?

— Nani, mama?

— Mama na mtoto. Wanaongea?

Tukamgeukia Gavana. Aliacha kujipepea. Nikakichukua kipande chake, nikakuta kurasa bado zimeshikana pembeni, kama zilivyotoka kiwandani.

— Sijui, mama, Gavana akasema polepole. Sijasoma hata mstari.

Ilikuwa saa tisa kamili. Aling Bising akapapasa benchi, akaketi katikati yetu.

— Saa nzima ipo. Someni.

Wembe, kwa aibu, akakimbilia kipande chake.

— Nianze mimi, mama. Pale pa madaftari...

— Hapo napajua, mwanangu. Nilikuwepo.

Akainyoosha fimbo mpaka ikamgusa Gavana gotini.

— Wewe. Soma.

Gavana akalamba kidole, akaanza kuziachanisha kurasa.