Ubeti Ulioishia Bondeni

Wanafunzi wa Mwalimu Hussaina hawasomi tena tenzi. Wanakariri muhtasari na insha za kununua. Ndivyo alivyomlalamikia Zoher, mwenye duka aliyemkuta ndani ya tuktuk ya Dzoro pale Liwatoni.

"Mwanangu kwa muhtasari kapata A, mwalimu. Wataka nini tena?"

"Utenzi huimbwa, bwana. Yeye ameusikia?"

"Kwani mtihani una masikio?"

Mwalimu akaanza kuuimba, polepole. Dzoro, aliyeacha shule kabla ya kufikia tenzi, akapunguza mwendo. Pale Makadara abiria wawili walimpungia mkono, akawapita.

"Nishushe hapa, kaka," mwalimu akakatiza walipofika Bondeni.

Dzoro aliona haya kumwomba amalizie. Abiria wawili walimpotea, na katika vipande vinne vya ubeti alisikia vitatu.