Donatus Mageni, Aliyekosa Utani

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Benjamini, mdogo wake marehemu, ukoo umenituma nisimame hapa kwa niaba ya wote.

Kaka yetu Donatus Mageni alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Kharumwa, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, akachunga ng'ombe na kulima pamba hadi mwaka 1998, alipoajiriwa na kampuni moja ya mizigo kule Isaka, akaanza kwa kubeba magunia, akapanda hadi kuendesha kreni. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Nyamizi, wakajenga Isaka, wakajaliwa watoto wawili, Blessing na Marcel. Kazini alikuwa na mtani wake, Chacha, Mkurya wa Tarime, wakirushiana maneno tangu asubuhi hadi kutoka, hata wageni wakadhani wanagombana.

Tarehe 9 Februari 2023 saratani ilimchukua Nyamizi. Wafanyakazi wenzake Donatus walikuja, wakachimba kaburi, wakakesha nasi, hatuna la kuwalaumu. Ila likizo ya msiba ilipokwisha na Donatus akarudi kazini, waliona wamheshimu, wakaacha kumtania, wakaacha kulitaja jina la mkewe, akifika wanapokula ugali wanashusha sauti, na msimamizi wao, Bwana Edward, kwa huruma tu, akamwondoa kwenye kreni, akampa kiti ofisini apumzike. Siku moja Donatus aliniambia, "Benjamini, wamenizika pamoja na Nyamizi. Hata Chacha sasa ananipa shikamoo."

Nilimwambia avumilie. Iliniuma, lakini ningefanya nini? Mtu hawezi kwenda ofisini kwa watu akawaombe wamtukane kaka yake.

Mwaka huu wa 2024 presha ilimsumbua, tarehe 30 Mei akaanguka kwa kiharusi, akalazwa Kahama, akatutoka alfajiri ya tarehe 2 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Isaka na wa hapa Kharumwa, Bwana Edward na wafanyakazi wote waliojaza basi kuja kumsindikiza. Nawe Chacha, uliyelizuia jeneza mlangoni leo asubuhi, ukamwita mvivu aliyejipa likizo bila ruhusa, ukamwamuru ainuke arudi kwenye kreni, tukacheka huku tunalia, asante, ingawa yeye hakusikia.

Kaka, mtani wako amekutukana. Pumzika kwa amani.