Karatasi Ngeni: Maisha ya Mwalimu Nyevu wa Lewa, 1938–1998

Wachungaji wetu, maustadhi na wazee mliotoka Jomvu Kuu, walimu, majirani na jamaa wa pande zote, poleni na asanteni kwa kufika. Historia hii imeandikwa na watoto wa marehemu, na inasomwa kwa agizo lake mwenyewe, ambalo lilikuwa kali kama maagizo yake yote: asisifiwe kwa mambo ambayo hakuyafanya, asiitwe mpole kwa sababu hakuwa, na atakayeisoma asipewe nafasi ya kuipitia kabla, bali aifungue mbele yenu na aisome kama alivyoikuta. Kwa hivyo msomaji akisita mahali, mvumilieni, na sababu ya agizo hilo mtaisikia papa hapa.

Mwalimu Jerioth Nyevu Lewa alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Rabai, mtoto wa tatu wa Mzee Lewa Baya na Mama Kahaso, ambao wote wametangulia. Jina la Jerioth alilipata ubatizoni na akalitumia kwenye fomu za serikali tu, kwingine kote alikuwa Nyevu, na mtu aliyebisha mlangoni akimuulizia Jerioth alijulikana mara moja kuwa ametumwa na ofisi. Aliingia shule ya misheni mwaka 1948, akamaliza darasa la nane mwaka 1955 akiwa wa pili katika darasa lake, na nafasi ya kuendelea ikapewa kakake, ambaye aliishika kwa mihula miwili kisha akaona shule haimfai, jambo ambalo marehemu alilisimulia bila uchungu wowote, lakini alilisimulia kila Krismasi.

Tarehe 20 Desemba 1958 alifunga ndoa na Bwana Mapenzi Chiro, fundi wa reli, wakakaa Changamwe hadi mwaka 1969 walipojenga hapa Mikindani, na Mungu akawajalia watoto wanne, Chiro, Lewa, Kahaso na Umazi, na wajukuu tisa. Bwana Mapenzi alifariki mwaka 1991, na kwa miaka yote thelathini na mitatu ya ndoa yao hakuna aliyewahi kumsikia akishinda mabishano, ingawa yeye mwenyewe alidai kwamba alikuwa akimwachia tu.

Kuanzia mwaka 1965 marehemu alifundisha watoto wadogo kanisani Changamwe, na mwaka 1979, ilipotangazwa kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, aliandikwa mwalimu wa ngumbaru, akatumwa Jomvu Kuu. Siku ya kwanza Mzee Mbwana aliuliza kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Yani Mrabai ndiye atakayetusomesha sisi Kiswahili?", na Bi Mwanaima Khatibu, mwenye nyumba ambayo baraza yake ilikuwa ndiyo darasa, akamjibu kutoka ndani, "Kiswahili twakijua tangu tumboni, Mbwana, herufi ndizo tusizozijua, na wewe ndiwe wa kwanza." Basi wakaanza, watu ishirini na sita, kila siku baada ya sala ya alasiri, na Mzee Mbwana akiwa mstari wa mbele.

Mwezi wa Juni 1983 darasa hilo lilifanya mtihani na wote ishirini na sita wakapita, na tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo, wakapewa vyeti kwa shangwe na vigelegele, Jomvu Kuu ikatajwa kuwa ya kwanza katika bara yote ya Mombasa, na mwalimu wao akapigwa picha akicheka, jambo lisilo la kawaida. Bi Mwanaima alikitia cheti chake kwenye fremu ya kioo, akakitundika ukutani, juu ya saa.

Ijumaa tarehe 23 Septemba Bi Mwanaima alimjia mwalimu na kadi ya kliniki ya mjukuu wake, mtoto ana homa, akamwomba amsomee, na mwalimu akamwambia, "Bi Mwanaima, si umepita mtihani? Isome." Bi Mwanaima akaitazama kadi mbele, akaigeuza nyuma, akasema, "Mwalimu, hii si ile yetu. Hii haina kisima." Katika kitabu chao kila somo lilikuwa na picha yake, la kwanza kisima, la pili mbuzi, na hivyo hivyo mpaka mwisho, na mtihani ulikuwa umetungwa mle mle kitabuni, picha zote zikiwa mahali pake. Kadi hiyo ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili safi kwamba mtoto arudishwe Jumatano, nayo Jumatano ilikuwa imepita siku mbili. Mtoto alipelekwa jioni hiyo hiyo na alipona, alhamdulillahi, lakini marehemu hakula chakula cha usiku.

Kesho yake alikata kipande cha gazeti, akaenda nacho barazani, akamwekea kila mmoja mbele yake, na kati ya ishirini na sita waliokuwa na vyeti, wanne tu ndio walioweza kukisoma. Wengine walikuwa wamehifadhi kitabu chote kichwani, neno kwa neno, wala si kwa hila, kwa maana hawa ni watu ambao bibi zao walishika tenzi nzima bila ya kuona karatasi, na kichwa kilichobeba utenzi hakishindwi na kijitabu cha kurasa arobaini. Aliyekosea ni mwalimu, aliyesikia sauti nzuri akadhani ni kusoma, na maneno hayo ni yake yeye, sisi tumeyanakili tu.

Jumamosi tarehe 1 Oktoba 1983 walimu wa ngumbaru wa Likoni, Kisauni na Changamwe walikuwa na kikao chao cha kila mwezi, na ajenda ilikuwa kumpongeza yeye. Alisimama kabla ya soda kufunguliwa, akasema, "Darasa langu halijui kusoma, na nadhani na yenu hayajui." Hapo paliwaka. Mwalimu Jaffar wa Likoni, ambaye leo yuko nasi na ameridhia jambo hili litajwe, alimwambia, "Dada yangu, funika kombe mwanaharamu apite," naye akamjibu, "Nimelifunika wiki nzima, Jaffar, na mwanaharamu hapiti, amekaa kitako ananitazama." Walicheka, lakini hawakumpongeza, na soda zilinywewa bila hotuba. Juma moja baadaye Mwalimu Jaffar alifika hapa Mikindani mwenyewe, akakaa, akanywa maji, akasema, "Kwangu ni saba kati ya thelathini," na hiyo, wapendwa, ndiyo siku chama chao cha walimu kilipozaliwa, hata kama cheti cha usajili kinasema ni mwaka 1985.

Ofisi haikufurahi. Marehemu alielezwa kwamba takwimu zimekwisha kupelekwa Nairobi na haziwezi kurudi, na mwezi wa Januari 1984 akahamishiwa Bombolulu, uhamisho ambao uliitwa wa kawaida. Alikwenda Bombolulu asubuhi, na alasiri akarudi Jomvu Kuu bila kutumwa na mtu, kwa sababu Bi Mwanaima alikuwa amekishusha cheti chake kwa mkono wake, akakitia sandukuni na kusema, "Nitakitundika siku nitakayokisoma."

Chama cha Walimu wa Kisomo, ambacho wenye masihara walikiita Chama cha Karatasi Ngeni, kilikuwa na kanuni moja tu yenye maana, kwamba kila mwezi walimu wabadilishane madarasa, na kila mgeni aje na karatasi ambayo darasa halijaiona, wala mwalimu wake hajaiona. Zilisomwa kadi za harusi, tangazo la kukatwa maji, maelezo ya dawa ya kuku, na mara moja barua ya mapenzi iliyookotwa njiani Kisauni, ambayo ilisomwa kwa ufasaha kuliko zote. Mwezi wa Juni 1985 Bi Mwanaima aliletewa karatasi tatu na Mwalimu Jaffar, akazisoma zote, kisha akaingia ndani, akatoa cheti sandukuni, akakisoma mbele ya watu, na alipokimaliza akasema, "Kumbe jina langu wamelikosea." Akakitundika vivyo hivyo.

Marehemu alistaafu mwaka 1993, wakati chama kikiwa na walimu sitini na wanne. Mwaka 1995 aligunduliwa kuwa na kisukari, na kufikia mwaka 1997 kilikuwa kimechukua macho yake yote mawili, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwani kila Alhamisi Bi Mwanaima alitoka Jomvu Kuu akaja kumsomea gazeti, na marehemu akamkatiza kila mstari, "Rudia, umeruka neno," mpaka Bi Mwanaima akamwambia, "Wallahi, Nyevu, hata bila macho waniona!" Alifariki Jumanne tarehe 9 Juni 1998, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, majirani wa Mikindani ambao hawakuacha jiko letu lizimike, watu wa Jomvu Kuu, na walimu wote wa chama, ambao kesho kutwa wana ziara Likoni, na tumeagizwa tuwaambie kwamba msiba si sababu ya kuiahirisha.

Mwisho, kwa wasiomfahamu anayewasomea, huyu si mtoto wa marehemu wala jamaa yake wa damu. Ni Bi Mwanaima Khatibu, aliyekabidhiwa bahasha hii leo asubuhi ikiwa imegandishwa kwa gundi, na hakujua kwamba yeye mwenyewe yumo mpaka alipofika kwenye jina lake. Bi Mwanaima, utusamehe kwa habari ya kisima, mwenyewe alisema lazima iwekwe.

Mwalimu Nyevu, karatasi hii haina picha hata moja, na imesomwa mpaka mwisho. Pumzika kwa amani.