Dengu Niliyoipika Bila Kuonja

Ndugu zangu, asifiwe Bwana, na umwite Yesu au umwite Hari kama wenzetu Wahindi, mwenyewe anajua kwamba anaitwa yeye. Mimi ni Veronika wa Mwanza, ninayekaa hapa Malvern, Johannesburg, nyuma ya saluni ya binti yangu Agnesi. Nimeombwa niandike ushuhuda kwa ajili ya wenzetu wa Kiswahili wanaokuja ukumbini Jumapili, na nikaambiwa yawe maneno ya furaha. Nitaandika yalivyokuwa. Mengi yake ni hasira.

Shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu sisahau. Nikiwataja mnivumilie.

Nilikuja Johannesburg kumzika mwanangu. Fideli alikuwa mlinzi kule Midrand. Asubuhi moja alivuka barabara robot ikimruhusu, taa ya kijani kabisa, na gari likampitia. Kijana mzima, amekunywa chai, amefunga kamba za viatu. Mwenzake wa kazini, Dieudonné wa Uvira, ndiye aliyenipigia simu, akalia mpaka ikabidi mimi nimbembeleze. Tulimzika huku huku, nami nikabaki. Ningemwachaje peke yake katika udongo wa watu?

Ndugu zangu, nilikuwa na swali moja tu. Mwanangu yuko wapi? Sikuuliza kwa nini amekufa, watu hufa. Niliuliza yuko wapi sasa hivi. Mama akiuliza mtoto wake yuko wapi, anataka aambiwe mahali.

Basi nikajibiwa. Eish, nilijibiwa mpaka nikachoka! Kanisani kwa Agnesi waliniambia Mungu alimpenda zaidi. Zaidi ya nani? Zaidi yangu mimi niliyemzaa? Agnesi mwenyewe akaniambia niache kumhoji Mungu, nitapata presha. Presha nilikuwa nayo tayari. Watu wakaacha hata kuniita Mama Fideli, wakawa wananiita Mama Agnesi, kana kwamba jina likifichwa na msiba unafichika.

Aliyeendelea kuniita Mama Fideli alikuwa Savita peke yake. Savita ana duka la vitambaa jirani na saluni, hapo Jules Street. Ni Mhindi wa Tabora. Baba yake, mzee Kantilal, aliuza vitenge huko mpaka mauti yake, na Kiswahili cha Savita kinawashinda wajukuu zangu. Siku moja aliniambia kwamba kwao kuna njia ya kumjua Mungu mwenyewe, kuliko kusikia habari zake tu. Nikamwuliza kama huko nitajua Fideli yuko wapi. Akasema twende. Hakusema ndiyo, alisema twende.

Jumapili akanipeleka kwenye ukumbi wao wa ibada, na nyimbo nilizipenda siku ile ile, sitadanganya. Mmoja anaimba jina la Bwana, wengine wanaitikia, ngoma inaongeza mwendo, unajikuta unapiga makofi. Lakini baada ya nyimbo kulikuwa na darasa, na darasa lilikuwa la Mwalimu Jagdish.

Mwalimu Jagdish ni mtu mwema na ninamwombea, lakini alinichosha. Anafundisha kwa Kiingereza. Anasema weee, kisha Savita ananitafsiria maneno matatu. Alisema mimi si mwili huu. Nikanyoosha mkono, nikauliza kama mimi si mwili huu, mbona goti hili linaniuma mimi, halimuumi jirani? Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema ni swali zuri, akalijibu mpaka chai ikapoa, na goti likazidi kuuma kwa kule kukaa chini. Nilipomwuliza habari za Fideli akasema roho haifi. Nikamwambia hilo hata katekista Bonifasi alinifundisha nikiwa mtoto, yeye aniambie iko wapi. Akasema nisubiri, ujuzi wa Mungu huja taratibu. Taratibu! Kwa umri wangu huu?

Basi nikahamia jikoni. Huko angalau kitu kikiiva unakiona. Nilimkuta Kamla, na Nirmala, na Chausiku wa Kigoma, na Mama Furaha wa Bukavu. Wakanikabidhi sufuria kubwa ya dengu. Wakaniambia nivue viatu, nifunge nywele, nisipige soga. Nirmala anaapa kwamba aliniambia na lile jambo jingine. Labda aliniambia. Labda nilisikia nikaona halinihusu mimi niliyeshika mwiko kabla yeye hajazaliwa.

Mnajua tunavyopika kwetu. Mchuzi ukichemka unachota kidogo, unadondoshea kiganjani, unalamba. Ndivyo alivyofanya mama yangu, Modesta, na bibi yangu, Kabula. Nikadondoshea, nikalamba. Chumvi ilikuwa sawa kabisa.

Jiko zima likageuka kunitazama. Savita akaja akauondoa mwiko mkononi mwangu, akasema taratibu kwamba dengu ile haiwezi tena kwenda madhabahuni. Chakula cha Bwana hakionjwi. Hata harufu yake huivuti makusudi. Huwekwa mbele yake kwanza, pazia linafungwa, kengele inalia, na tunachokula sisi ni kile kilichobaki kwake. Sufuria yangu ikawekwa kando wapewe wenye njaa wa mtaani, na nyingine ikabidi ibandikwe upya, watu wote wakingoja ukumbini.

Ndugu zangu, nilikasirika. Nilivua aproni nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya nje. Savita akanifuata, akakaa kando yangu na sari yake nzuri kwenye vumbi.

"Mungu gani huyo," nikamwambia, "anataka chakula ambacho hakuna anayejua kama kina chumvi? Fideli sikuwahi kumpa kitu kabla sijakionja. Hata uji wake nilionja, usimuunguze."

Savita akanigeukia. "Fideli ulikuwa unamlinda, Mama Fideli. Sasa huyu Mungu unamlinda na nini?"

"Simlindi na kitu. Ila siwezi kumwachia hata dengu, nitamwachiaje mwanangu?"

Maneno yakatoka yenyewe, nami nikayasikia. Wakati wote ule nilidhani ninatafuta kujua mahali alipo. Kumbe nilikuwa nimemshika mtoto wangu kwa mikono miwili, nikimwambia Mungu aonyeshe kwanza atamweka wapi, niangalie, nionje, ndipo nimpe.

Savita hakunihubiria. Alisimama, akakung'uta sari. "Dengu inakungoja. Ukitaka, ipike. Hutaki, atapika Kamla."

Nilirudi. Nilirudi kwa ubishi, ndugu zangu, imani sikuwa nayo. Nilibandika kwa kishindo. Ninyi mnaopika mtanielewa: mvuke unakujia usoni, mkono unakwenda wenyewe kiganjani, unaurudisha. Binzari inatosha? Sijui. Imeshika ladha? Sijui. Moyoni nikawa nagomba naye: haya, nakupa hii, sijui ikoje, chukua. Na katikati ya kukoroga nikatambua kwamba habari za dengu zimekwisha zamani. Nakupa Fideli. Sijui yuko wapi, sijui hali yake, sijui kama amekula. Sitaonja. Chukua wewe kwanza.

Wakaibeba. Pazia likafungwa, kengele ikalia, nami nikasimama upande wa huku, jasho linanitoka. Hapo ndipo nilipojua. Sikuonyeshwa mahali, wala sauti sikusikia. Nilijua kwamba nyuma ya lile pazia kuna mtu, kama unavyojua kuna mtu chumbani kabla hajakohoa, na kwamba anapokea anachopewa. Lile swali langu halikujibiwa. Alinipokea tu, kama mwenyeji anavyompokea mgeni mzigo mlangoni, na mabega yangu yakashuka.

Kisha tukala. Dengu haikuwa na chumvi hata chembe! Nilikuwa nimeisahau kabisa. Mwalimu Jagdish alionja, akanitazama, akaomba achari, akaomba na kuongezewa. Nirmala akasema leo Bibi Veronika amemwekea Bwana chakula cha wagonjwa. Nikacheka mpaka machozi, mimi ambaye tangu mazishi sikuwa nimecheka hivyo.

Msidhani nimekuwa malaika. Darasa bado refu, na Mwalimu bado ananichosha, siku nyingine naondoka linaendelea. Agnesi bado anasema nimepotea, na bado ananifulia sari niliyopewa. Lakini simkabi tena Mungu koo. Naweza kulitaja jina la mwanangu mbele ya watu na sauti isikatike.

Namshukuru Bwana aliyechukua nilichompa kwa kununa. Na wewe mama unayesoma hapa, uliyempoteza mtu wako na kila mlango wanakupa majibu, mimi jibu sina. Njoo Jumapili, mapema, upitie mlango wa jikoni. Njoo na hasira yako, usijipambe uso. Mtumaini huyu Bwana kwa kitu kidogo tu cha kuanzia. Kuna vitunguu vingi vya kumenya, na ukilia hakuna atakayekuuliza unalia nini.