Chupa Tano Zilizotoka Chumbani kwa Yudith

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Marko Abeli, mdogo wake marehemu. Nimepewa kusoma maisha ya dada. Leo sina majonzi tu. Ninaogopa. Tangu msiba uanze, chupa tano zimetoka chumbani kwake, na kilichomo si dawa. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Yudith Abeli Alfred alizaliwa tarehe 3 Juni 1986 hapa Zombo, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Abeli na mama Debora. Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1994 hadi 2000, kisha sekondari Kilosa na Morogoro. Aliogopa vinyonga na hesabu. Hesabu alizishinda, vinyonga hakuwahi. Mwaka 2010 alihitimu shahada ya kemia Dar es Salaam.

Aliajiriwa katika maabara moja ya Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuyageuza madini ya fedha, yale ya kutengenezea pete, kuwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, za kupakwa kwenye vichujio vya maji ili ziue vijidudu. Miaka hiyo walitumia kemikali za sumu. Tarehe 20 Septemba 2014 alifunga ndoa na mwalimu Ditram Samson, wakaweka makazi Mikumi. Shemeji anasema mkewe akitoka kazini hakumgusa mtoto kabla ya kuoga mara mbili.

Mwaka 2018 aliziacha kemikali zile. Alichuma majani ya mpera wa mama, akayachemsha, akayachuja, akamimina maji yake kwenye maji yenye fedha iliyoyeyushwa. Maji meupe yakageuka kahawia kama chai ya rangi, na chembe zikapatikana bila sumu ile ya mwanzo. Alifurahi mno, akaleta chupa nyumbani.

Mama akaishika. "Si majani ya mpera wangu haya? Nyie wote niliwanywesha mlipoharisha."

"Mama, nakuomba, irudishe! Majani ni yako, ila humo ndani mna madini. Ya kupaka kwenye kichujio tu, siyo ya kunywa."

Agosti 2024 aligundulika ana saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam, na Januari akaja kupumzika kwa mama, akiwa na chupa tisa za maji yaleyale, za kujaribia vichujio vya udongo. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyoshika. Nimeyaandika leo asubuhi.

Jumatano jioni, hapo uwanjani, mliniuliza dada alikuwa akifanya kazi gani. Nikataka kumsifu kwa maneno mepesi. Nikasema alitengeneza dawa kwa majani ya mpera. Madini sikuyataja. Kosa ni langu, wala sitamsingizia mtu. Jana nikafungua kabati lake nikakuta chupa nne tu kati ya tisa. Kati ya tano zilizotoka, tatu zimerudishwa, lebo zimebanduliwa, na waliokunywa wamekwisha kupelekwa kwa daktari.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Alfred na Miriamu, mimi mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki, na mama mzazi. Wengi mmeniuliza mama yuko wapi. Mama yuko hospitali, Kilosa. Alfajiri alinipa chupa ya nne ikiwa nusu. Nikamwambia, "Mama, si alikukataza?" Akasema, "Alinikataza, baba. Nilitaka nami nionje kazi ya mwanangu." Daktari anasema wanamwangalia. Zaidi ya hapo hajaniambia, nami nimeogopa kumuuliza.

Imebaki moja. Aliyeichukua hana kosa, alinisikia mimi. Polisi hawataitwa, shemeji ameahidi mbele ya mchungaji. Kama umeinywa, kama umempa mgonjwa wako au mtoto, gari liko barabarani na dereva yumo ndani.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani. Nimemwomba mchungaji asishushe jeneza kwanza, naye amekubali. Mwenye chupa ya tano, tafadhali, simama.