Fundi wa Bunduki Kuukuu na Risasi Mpya

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imeagiza kaka yetu asimuliwe kama alivyokuwa, bila kuongezwa wala kupunguzwa, maana yeye mwenyewe hakuwa na subira na kipimo cha uongo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Geji, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938, mtoto wa kwanza wa baba fundi baiskeli na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha mbao. Sisi wadogo zake tulipozaliwa tulikuta amekwisha kuifungua saa ya ukutani na kuiunganisha tena, ikabaki skrubu moja mkononi, na saa ikaendelea kutembea, jambo lililomkera mno kwa sababu hakujua ile skrubu ilikuwa na kazi gani.

Alianza shule ya msingi Januari 1946, ambako mwalimu wa hesabu alimpenda na mwalimu wa muziki alimwomba asiimbe, kisha mwaka 1954 akachaguliwa kwenda shule ya ufundi, akasomea ukerezaji wa vyuma na kuhitimu Novemba 1957. Februari iliyofuata aliajiriwa katika karakana ya silaha ya jeshi, jengo refu la mabati lenye madirisha ya juu, sakafu iliyolowa mafuta, na kelele ambazo zilimfanya azungumze kwa sauti ya juu maisha yake yote, hata alipokuwa akinong'ona.

Mwaka 1963 karakana ilipewa kazi iliyomjengea jina. Ghalani kulikuwa na maelfu ya bunduki zilizobaki tangu Vita Kuu, nzima na imara, lakini risasi zake hazikutengenezwa tena, ilhali risasi mpya, fupi na zenye nguvu zaidi, zilipatikana kwa wingi. Marehemu alipenda kutueleza, tutake tusitake, kwamba majeshi yamekuwa yakifanya hivyo tangu enzi za bunduki za kushindilia baruti mdomoni, ambazo zilikatwa nyuma na kuwekewa mlango ili zipokee risasi za kisasa. Basi yeye na wenzake walifungua mitutu ya zamani na kufunga mipya, wakakereza chemba, yaani tundu la kukalia risasi, kwa kipimo cha risasi mpya, wakatia kipande cha chuma ndani ya magazini ili risasi fupi zisichezecheze, na kuchora upya alama za masafa. Kufikia mwisho wa 1964 alikuwa msaidizi wa msimamizi, na bunduki mia kadhaa zilikwisha kwenda vikosini.

Tarehe 9 Machi 1965 ndiyo siku ambayo hakuacha kuizungumzia. Bunduki za siku hiyo zilikwisha kufyatuliwa kwa kamba kutoka mbali, ili ikipasuka isidhuru mtu, zikafaulu, zikabaki kusafishwa na kujaribiwa shabaha begani. Kaka yetu alichomoa bolti zote, vile vyuma vinavyosukumwa mbele kufunga chemba, akaziosha pamoja katika beseni moja la mafuta ya taa, kisha akazirudisha bila kuangalia ipi ilitoka wapi. Hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya kwa miaka mingi, na kwa risasi za zamani, zilizokuwa na ukingo kitakoni na nguvu ndogo, kosa hilo lilivumilika. Risasi mpya haikuvumilia bolti isiyolinganishwa na bunduki yake. Nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi ikizidi kwa unene wa ukucha, ganda hupasuka na moto hurudi kwa mpigaji, na mpigaji siku ile alikuwa rafiki yake wa benchi, yule tunayemwita Porojo kwa wingi wa maneno yake, ambaye alipoteza jicho la kulia.

Tume iliundwa, ikaandika kwamba risasi zilikuwa mbovu, na mkuu wa karakana akamwita marehemu ofisini akamwambia kwa huruma, "Kijana, nyamaza. Risasi zikisingiziwa hazina mama wala wadogo wa kulala njaa." Kaka yetu akamjibu, "Na zile zilizokwisha kwenda vikosini, mzee? Huko nako wanaosha kwenye beseni moja." Kesho yake alisimama mbele ya tume akasema beseni lilikuwa lake. Alivuliwa cheo, akarudishwa kuwa fundi wa kawaida, kisha akakabidhiwa geji, kile kipimo cha chuma cha kupimia nafasi ya chemba, na gari bovu azunguke vikosi vyote, akipima bunduki moja moja na kugonga namba ileile juu ya bolti na juu ya mwili wa bunduki, kazi iliyomchukua karibu miaka miwili, na huko alikuta bolti zilizochanganyika zaidi ya alivyoogopa.

Hospitali alikokwenda kumtazama Porojo ndiko alikomkuta dada wa majeruhi, ambaye kwa wiki nyingi hakumwitikia salamu, na hatukumlaumu. Alianza kumwitikia aliposikia habari za tume, wakafunga ndoa tarehe 17 Juni 1967, wakajaliwa watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, waliokua katika nyumba ambayo baba alipima vipande vya mkate kwa geji ili pasiwe na manung'uniko, na manung'uniko yakawepo vilevile. Alistaafu mwaka 1993, baada ya zile bunduki kuondolewa kazini na kukatwakatwa mbele ya macho yake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2016, akalazwa mara ya mwisho tarehe 2 Mei 2019. Lazima tuseme kwamba miaka yote hiyo alitaka kumwomba shemeji yake radhi ipasavyo, na kila alipofungua mdomo Porojo alimkatiza kwa mzaha, akaumia peke yake. Jioni ya tarehe 10 Mei, Porojo alivuta kiti karibu na kitanda akasema, "Shemeji, nilikusamehe siku ileile uliyosimama mbele ya tume. Nilikaa kimya kwa sababu, ukijiona una deni, ulikuwa unanibebea mizigo vizuri." Kaka yetu alicheka mpaka muuguzi akaja kumkemea, kisha akalia, na alfajiri iliyofuata akafariki dunia usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hata yule aliyekemea, majirani waliolala nasi hapa, mafundi wenzake wa karakana, na wazee wetu wa vikosini mliosafiri kuja kumzika, ambao bunduki zenu zilipita mikononi mwake.

Kaka, lala sasa kwa amani. Yule mmoja uliyemdhuru amekwisha kusema, na wa pili hakutokea kamwe, kwa sababu ya geji yako.