Mama Kavuo, Mirija ya Kaboni na Wavu wa Kuku Wangu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki, Mwalimu Kavuo Agathe, anayefundisha kemia na fizikia katika Institut yetu ya Kibabi, shule ya sekondari, anastaafu rasmi leo Jumamosi, tarehe 2 Julai 2022. Programu ya sherehe mliyo nayo mkononi inampa dakika tano za kusema neno. Aliyeipanga ni mimi, Gustave, mwalimu wa Kifaransa na mkuu wa nidhamu, na tangu ilipobandikwa mlangoni walimu wenzangu hawajaacha kunicheka. Dakika tano! Mama Kavuo hutumia tano kufuta ubao.

Alizaliwa Butembo, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao hata mtoto wa kunyonya anajua bei ya chumvi. Wote walimtarajia dukani. Yeye alikuwa akiwauliza wateja kama wanajua kwa nini sabuni inatoa povu, na baba yake akaona heri amlipie masomo kuliko ampoteze kila mteja. Mwaka 1988 alipata darasa lake la kwanza huko Walikale, ubao wenyewe ukiwa mlango uliopakwa rangi nyeusi. Vita vya 1996 vilimkuta hukohuko. Alikimbia kwa miguu kupitia msituni hadi Masisi, mtoto mgongoni, na kichwani boksi la mirija ya kioo ya maabara. Walipomuuliza kwa nini hakubeba sufuria, alijibu kwamba sufuria itapatikana popote. Anasema hakuna mrija hata mmoja uliopasuka njiani. Mumewe anasema ni miwili.

Mume huyo ni Papa Muhindo Valentin, ambaye Fuso lake limebeba maharagwe, jibini na wakimbizi wa mlima huu kwa miaka mingi. Ndiye aliyetupa kengele ya shule: jante, ule mviringo wa chuma wa gurudumu la Fuso hilo, linaloning'inia mbele ya ofisi yangu. Ukiligonga kwa nyundo linasikika hadi bondeni. Mtu mmoja tu hapa Kibabi hajawahi kulisikia, na huyo ni mke wa aliyelitoa. Likilia, Mama Kavuo huinua kidole bila kugeuka kutoka ubaoni na kusema, "Bado kidogo." Wanafunzi wakamwita Mama Bado Kidogo. Chumba changu kinapakana na chake, na kila mwaka masharti ya kitenzi cha Kifaransa imenibidi niyafundishe nusu saa baada ya muda, maana wanafunzi wangu hawakukubali kutoka kabla ya wa kwake.

Mwaka 2011 walimu wa sayansi waliitwa Goma kwa semina. Wengine walirudi na kofia na begi. Yeye alirudi na habari ya mirija ya kaboni, na tangu siku hiyo hatukulala.

Nitaieleza kama nilivyoielewa. Kosa likitokea, ni la mwalimu wa Kifaransa. Kaboni ni ile iliyo kwenye makala, yale makaa ya jikoni, na kwenye risasi ya kalamu. Katika risasi ya kalamu atomu zake zimejipanga karatasi juu ya karatasi, kila atomu ikishikana na jirani watatu, na zote pamoja zinachora vyumba vya pembe sita. Sasa chukua karatasi moja tu ya namna hiyo uikunje iwe mrija. Mrija huo ni mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja ungepasuliwa makumi ya maelfu ya mara ndipo ulingane nao. Na umeme unapita ndani yake kama mgeni kwenye barabara mpya.

Ili wanafunzi waione karatasi hiyo, Mama Kavuo alihitaji kitu chenye vyumba vya pembe sita. Alizunguka kijiji kizima, akakiona nyuma ya nyumba yangu: grillage, ule wavu wa waya niliouzungushia banda la kuku. Alisema anauazima kwa somo moja. Ni vizuri mjue kwamba somo hilo linaendelea hadi leo. Mnyama fulani wa msituni, ambaye hatukuwahi kuonana, alihudhuria banda langu wiki hiyohiyo. Krismasi Mama Kavuo aliniletea kuku mmoja kama pole, amekwisha kupikwa, na akaketi tukamla pamoja.

Alikuwa na sababu ya kushikilia somo hilo. Miaka ile darasa la sita, la mwisho la sekondari, lilikuwa likipungua kila Jumatatu. Vijana walishuka kwenye mashimo ya madini ya coltan na hawakurudi shuleni, wakituambia kwamba simu zote za dunia zinatoka katika mlima wetu, sasa diplomu ya nini? Mama Kavuo hakuwahi kuwatukana. Aliwaonyesha wavu wangu. Aliukunja wima, akasema: mrija huu unapitisha umeme kama waya wa shaba. Akaufungua, akaukunja tena kwa kuuinamisha kidogo, akasema: wavu uleule, kaboni ileile, lakini ukikunjwa hivi mara nyingi unapata mlango, unaofunguka na kufungwa kwa amri ya umeme mwingine mdogo. Milango ya namna hiyo ndiyo inayoifanya simu ihesabu. Leo inatengenezwa kwa silisiumu, yaani silikoni; kesho, pengine, kwa mirija hii. "Munaona?" aliwaambia. "Kitu iko moja. Kazi iko mu kukunja." Baadhi yao walirudi darasani kwa ajili ya sentensi hiyo.

Mmoja wao alikuwa Twizeyimana Evode wa Nyamitaba, kijana mwenye kipaji na mdomo usio na kufuli. Siku za mapumziko bado alichimba, na huko shimoni aliwasimulia wenzake kwamba kwa maneno ya Mama Kavuo simu za kesho zitatoka kwenye makala. Mtu wa mahali pengine angejibu "haya" akaendelea na kazi yake. Sisi ni watu wa madini. Tukisikia jambo kama hilo tunauliza shimo liko wapi. Katika siku chache kila mtu alijua kwamba mwalimu wa Kibabi amegundua coltan ya makala na anaificha. Magunia ya makala yalipangwa mbele ya nyumba yake yapimwe. Kutoka Walikale mtu alipiga simu kuuliza ni makala ya mti gani. Mimi mwenyewe niliyatazama ya jikoni kwangu kwa heshima mpya.

Kicheko kiliisha siku Komanda alipopanda mlima. Ilikuwa mwaka 2012, na mlioishi hapa hamhitaji nieleze alikuwa komanda wa nini. Walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na kilima chake. Alisimama uani na watu wake wenye bunduki akasema, "Mwalimu, bantu banasema uko na mali ya kuficha. Iko wapi?"

"Iko mu moshi ya taa yako, Komanda," Mama Kavuo alijibu.

"Mama, mi siko hapa ya kucheza." Akampa hadi Ijumaa. Ijumaa asipoonyeshwa shimo, atamchukua yule aliyeleta habari, huyo ndiye akamwonyeshe. Aliyeleta habari alikuwa Evode, na sote tulijua vijana waliochukuliwa namna hiyo hurudi lini.

Usiku ule Evode angetoroka kama barabara zote mbili zisingekuwa na vizuizi vya watu walewale. Papa Valentin alileta Fuso hadi mlangoni, injini ikinguruma. "Agathe, panda. Vitu tutarudia siku ingine." Fuso lake lilijulikana na wenye vizuizi wangeliruhusu lipite, pamoja na mkewe, lakini si pamoja na kijana. Mama Kavuo alizima injini kwa mkono wake mwenyewe, akaweka ufunguo mfukoni. "Na huyu mutoto nitamuachia nani? Gustave?" Nilikuwa nimesimama pale pale.

Alituma neno kwamba Ijumaa asubuhi mali itaonyeshwa hadharani, darasa la sita, na kila mtu aje. Walikuja wanunuzi wa madini, wazazi, akina mama wa soko, hata wenye magunia. Komanda alikaa dawati la mbele, magoti yakimgusa kidevu. Evode alikaa nyuma, kati ya walinzi wawili.

Mama Kavuo alichukua chaki akasema, "Kwanza tukumbuke atomu ni nini." Hapo nilijua kwamba hatutakula mchana.

Alifundisha kama anavyofundisha siku zote, hakuruka kitu. Alishikilia sahani juu ya mshumaa, akampa Komanda masizi, akisema mle ndani kuna kaboni ya kutosha, achukue yote. Mnunuzi mmoja aliuliza kama coltan sasa itakosa soko. Akamjibu atulie, coltan ina kazi nyingine ndani ya simu, ya kutunza umeme kidogo, na mirija hii haigombani nayo. Alieleza pia ugumu unaowasumbua wataalamu: wanapotengeneza mirija, ile ya waya na ile ya mlango hutoka pamoja, imechanganyika, na kuitenganisha ni kazi kubwa. Ili ieleweke aliwapa wale walinzi wawili ungo wa maharagwe mekundu na meupe, wayachague wakiwa wamefumba macho. Walilazimika kuweka bunduki chini ili wapate mikono.

Kisha akamwita Komanda ubaoni achore chumba kimoja cha kaboni.

Sijui alikuwa na miaka mingapi tangu ashike chaki. Alichora polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na alipomaliza kilikuwa na pembe tano. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akajizuia. Darasa zima likatazama chini. Mama Kavuo aliusogelea mchoro, akautazama kwa muda mrefu kama anavyotazama kazi ya kila mwanafunzi.

"Pembe moja umesahau, mutoto yangu," alisema. "Lakini usifute. Karatasi ya pembe sita iko sawasawa, haijipindi yenyewe. Ukitaka kufunga mdomo ya murija, unatia hizi za pembe tano. Njo hizo zinafunga. Bila hii yako, murija inabakia wazi."

Na ni kweli tupu. Nimemuuliza mara nyingi. Komanda aliutazama mchoro wake, kisha akatutazama sisi, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kosa lake lina mahali pa kukaa. Akarudi kukaa. Hakufuta chaki mkononi.

Saa sita ilifika. Nilitoka nje kwenda kwenye jante, nikiamini kwamba ninaokoa maisha ya watu: nikigonga, somo litaisha na kila mtu atakwenda nyumbani. Kupitia dirishani Mama Kavuo aliniona na nyundo. Aliinua kidole. Nikaiweka nyundo chini, kwa sababu mimi ni mkuu wa nidhamu na ninajua kutii. Aliendelea. Wenye magunia waliondoka kwanza, kisha wanunuzi. Mlinzi mmoja alilala juu ya maharagwe. Jua lilikuwa limeshavuka Kibabi wakati Komanda alipoinuka, akakung'uta masizi kwenye suruali akasema, "Mama, hii mali yako iko kadogo sana. Bakia nayo."

Aliwaita walinzi wake. Evode walimwacha alipokaa. Mama Kavuo aliwafuata hadi mlangoni kuwaambia kwamba bado hajafika kwenye muhtasari.

Komanda hatukumwona tena Kibabi. Mchoro wake wa pembe tano ulibaki ubaoni hadi mtihani wa serikali, maana hakuna aliyethubutu kuufuta, na wanafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho, waliofanya mazoezi kando yake walishinda, Evode akiwemo. Alisoma kemia Bukavu, akarudi kufundisha hapa. Kuanzia Septemba darasa la sita ni lake. Kasoro ninayoiona kwake ni moja: masomo yake huisha kengele ikilia, jambo linalotutia wasiwasi.

Wengine waliofundishwa na Mama Kavuo wametawanyika: yuko muuguzi Bweremana, wako walimu, yuko fundi simu pale sokoni anayekueleza silisiumu kabla ya kukutengenezea. Wako pia wale ambao mashimo na vita vimewachukua, na majina yao anayajua yote. Huwataja kwenye misa ya wafu ya Novemba, bila haraka. Mirija ya kaboni haijafika bado kwenye simu zetu. Yeye anasema itafika. Nimejifunza kutobishana na mtu anayesubiri vizuri hivyo.

Mama Kavuo, shule inakushukuru kwa miaka uliyotupa, na kwa ile nusu saa uliyoongeza juu ya kila saa. Papa Valentin, tunakurudishia mke wako, na tunakuomba uvumilivu. Wavu wa kuku wangu unabaki darasani kwa Evode. Hilo nimelikubali jana. Mama, tunakutakia nyumba yenye amani Butembo, wajukuu wenye maswali, na siku ndefu zisizo na kengele.

Kuhusu zile dakika tano, nimezifuta kwenye nakala yangu, nanyi zifuteni kwenye zenu. Nyundo ya jante iko mfukoni mwangu na itabaki humo hadi utakapomaliza mwenyewe. Na ukiona mtu anaanza kuinuka kwenda nyumbani, Mama, usigeuke. Leo kidole nitakiinua mimi: bado kidogo.